Kifuniko Si Chake

Katika nyumba ya mama mkwe wangu, Mombasa, kuna saa ya mkono ambayo kwa miaka yote ya ndoa yangu haikuwa ikiulizwa maswali. Ni Omega ya marehemu baba mkwe. Hukaa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na hati ya nyumba, cheti cha ndoa na meno mawili ya dhahabu ambayo sijawahi kuambiwa yalikuwa ya nani. Kila Idi hutolewa, hupanguswa kwa kanga, husimuliwa kisa chake, kisha hurudishwa. Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na kitamu. Marehemu alikuwa karani bandarini Kilindini, enzi ya East African Railways and Harbours, na tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, mkubwa wake Mwingereza aliivua saa hii mkononi mwake akamvisha. Alichosema Mwingereza wakati akimvisha hutegemea anayesimulia na chumvi aliyo nayo siku hiyo.

Fitina ililetwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayefanya kazi Maskati. Alikuja likizo akiwa amejaa habari za saa kuukuu. Huko Omani, akatwambia, Sultani Qaboos, aliyeshika nchi mwaka 1970, alikuwa akiwatunuku watu saa za Rolex zenye nembo usoni, ile ya jambia na panga mbili, na nyingine zikiwa na jina lake. Baadhi ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London, na leo zikifika mnadani matajiri hutoana macho. Hayo ni kweli. Lakini kila alipoyasema alikuwa akikizungusha kifundo cha mkono, ili sote tuione Rolex yake mwenyewe, isiyo na jambia wala panga.

Mama mkwe akaliinulia macho kopo la biskuti.

"Na hii ya babako? Kule ingekuwa bei gani?"

"Mama, bei haitajwi kabla ya namba."

Neno namba likawa limeingia nyumbani. Aliyelidaka ni kijana wangu wa kidato cha tatu, ambaye mwalimu wake wa hesabu ameshanyoosha mikono. Sijui ni kwa nini mtoto asiyetaka kusikia habari za aljebra aliweza kukesha na simu akijifunza namba za saa, ila najua asubuhi iliyofuata alikuwa ameshika Seiko ya babake, kichwa chini miguu juu, akisoma mgongo wake.

Seiko, akatufundisha, haina makuu. Nyuma yake kuna namba za mashine, kistari, kisha namba za kasha. Pembeni kuna tarakimu sita za peke yake: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa 0, Novemba N, Desemba D. Ya mume wangu ilisema 7S26, na zile sita zilianza na 7N. Novemba, basi, ya mwaka unaoishia na saba. Mashine ya 7S26 ilianza kutengenezwa mwaka 1996, kwa hiyo ni 1997 au 2007, na namba yenyewe haikati shauri hapo. Shauri lilikatwa na picha yetu ya harusi ya 2005, ambamo saa inaonekana wazi kuliko bibi harusi. Mume wangu, ambaye siku zote amekuwa akisema aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza mwanzoni mwa 1998, alitembea siku nzima kifua mbele, kama aliyeshinda kesi mahakamani.

Ya pili ilikuwa zamu ya Rolex ya shemeji. Rolex za zamani huficha namba zao ubavuni, kati ya miguu inayoshika mkanda: upande wa tarakimu 12 namba ya aina, upande wa tarakimu 6 namba ya saa yenyewe. Huzioni mpaka mkanda uvuliwe. Shemeji alisema hapana haja ya kuuvua, yeye anajua alichonunua, ni Datejust 1601 ya miaka ya sitini. Kijana akanyamaza. Usiku, tarehe ilipokuwa imekaa vibaya, shemeji akavuta kile kifungo cha pembeni kidogo, akakizungusha, na tarehe zikaruka moja moja mpaka ya leo.

"Ami," kijana akasema kwa adabu zote, "1601 haifanyi hivyo. Ile mpaka mishale izunguke ipite saa sita za usiku ndipo tarehe igeuke. Hiyo ya kurukisha ilikuja na zile za namba tano, 16013 na 16014. Na hapo namba ya mwisho ndiyo husema madini: 3 ni chuma na dhahabu, 4 ni chuma chenye duara la dhahabu nyeupe."

Mkewe shemeji akakohoa, akaingia jikoni. Funika kombe mwanaharamu apite. Saa ile hatukuitaja tena, na mkanda wake mpaka leo haujavuliwa mbele ya watu.

Ikabaki ya marehemu.

Omega za miaka ile hazisemi kitu kwa nje. Namba ya aina imechapwa ndani ya kifuniko cha nyuma, na namba ya saa yenyewe iko juu ya mashine. Kwa hiyo lazima ifunguliwe. Kwa maoni yangu, ambayo hayakuulizwa, kuna mafundi saa Mji wa Kale waliozaliwa wakifungua vitu hivi. Lakini nyumba yenye wanaume watatu haipeleki kitu kwa fundi kabla ya kukiharibu kwanza. Mume wangu alianza na kisu cha kumenyea viazi. Shemeji akaja na koleo, akaacha alama mbili kwenye chuma ambazo hazikuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Mama mkwe alikuwa ameketi kitini, hasemi, anahesabu tasbihi, na kila koleo lilipoteleza tasbihi ilikwenda mbio zaidi.

Mwishowe kijana alileta mpira wa mdogo wake, ule wa kudunda, ukiwa umeisha pumzi nusu. Akaubana kwenye kifuniko kwa kiganja, akaegemea kwa uzito wake wote, akazungusha. Kifuniko kikalia, kikaachia. Ndani, ule mpira mwembamba wa kuzuia maji ulikuwa umeyeyuka na kuwa lami nyeusi, ikavutika kutoka saani mpaka kwenye kitambaa cha meza alichokifuma mama mkwe kwa mkono wake. Kikatoka kilio. Wakati huohuo shemeji, kwa kuwa joto lilikuwa limezidi, akawasha feni, na risiti za dukani, unga wa mahamri wa asubuhi na nywele za paka vikainuka pamoja. Nilitupa sufuria juu ya saa. Ndiyo huduma pekee niliyoitoa katika mkasa huu, na sijashukuriwa.

Feni ilipozimwa, mama mkwe akavaa miwani yake ya kusomea msahafu na kukamata kifuniko. Kwa karibu kilikuwa kitu kizuri: duara la chuma la kutosha kiganja cha mtoto, lina madoa ya kutu rangi ya chai pembezoni, na katikati alama ya Omega ndani ya pembetatu. Chini yake herufi ST, kisha tarakimu tatu, nukta, na tatu nyingine. Pembeni kabisa kulikuwa na mkwaruzo wa sindano, hafifu, ulioandikwa kwa mkono: 4/71. Hiyo ni desturi ya mafundi saa. Kila akifungua, fundi huacha tarehe au alama yake ndani, ili saa ikirudi ajue kama ni yeye aliyeigusa.

"Soma, nyanya."

"Mia moja thelathini na tano."

Kijana akaguna. Akatazama uso wa saa, akatazama kifuniko, akatazama simu.

Utaratibu wa Omega, ulioanza mwaka 1962, ni wa mtu anayependa mambo yake yawe mahali pake. ST ni chuma kisichoshika kutu. Tarakimu ya kwanza hutaja mvaaji: 1 ni mwanamume, 5 ni mwanamke. Ya pili hutaja mwendo: 3 ni saa ya kutia ufunguo yenye mshale wa sekunde katikati, 4 ni ya kutia ufunguo yenye vidude vya kupimia mbio, 6 ni otomatiki, inayojitia ufunguo yenyewe mkono ukitikisika. Ya tatu hutaja maji na kalenda: 5 haipitishi maji wala haina tarehe, 6 haipitishi maji na ina tarehe. Kwa hiyo 135 ni saa ya mwanamume, ya kutia ufunguo, isiyo na tarehe.

Na uso wa saa ya marehemu, ambao kila mtu humu ndani ameuona kila Idi, umeandikwa Automatic, na una kidirisha cha tarehe.

"Basi ni bandia," akasema shemeji, kwa haraka iliyomshinda kuificha.

Si bandia. Kijana aliigeuza, na mashine ilikuwa wazi mbele yetu, rangi ya shaba nyekundu, na juu yake lile bawa zito la nusu duara likizunguka kila mkono ulipotikisika. Saa ya kutia ufunguo haina bawa. Palichorwa 565, vito 24, na namba ndefu ya tarakimu nane iliyoanza na 25. Mashine ni ya Omega, uso ni wa Omega, vimeoana. Kilichoingia kwa mlango wa nyuma ni kifuniko.

Mume wangu akafurahi. Kifuniko tu? Si neno. Lakini kijana alikuwa bado anasoma, na nilimwona akimeza mate.

"Nyanya, mashine ya 565 ilianza kutengenezwa mwaka 1966. Na namba zinazoanza na 25 ni za kama mwaka 1967."

Kimya. Muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa akijaribu kipaza sauti.

"Kwa hivyo," akasema mama mkwe taratibu, "yule Mwingereza alimvisha babenu saa ambayo haijazaliwa."

Hapo wanaume wakaanza kumtetea marehemu kwa namna ambayo marehemu mwenyewe asingeitaka. Mume wangu akasema pengine mashine ilibadilishwa baadaye, kifuniko ndicho cha asili. Hoja hiyo ina mashiko, kwa sababu namba za 135 zilikuwapo mwaka 1963. Kijana akaikata: kama saa ya asili ilikuwa 135, fundi angelazimika kubadilisha mashine, uso na kasha, yaani kila kitu isipokuwa kile kipande kisichoonekana. Nani hununua nyumba nzima abakishe bati la choo? Mama mkwe hakuwasikiliza. Alikuwa amekumbuka jambo jingine. Kila masika, akasema, saa hii ilikuwa ikitokwa jasho ndani ya kioo, na marehemu akimwambia ni mkono wake una damu moto. Kijana akakirudisha kifuniko mahali pake, akaonyesha: kinaingia, kinazunguka, kisha kinasimama kabla ya kufika mwisho, pakibaki mwanya wa unywele. Damu moto ilikuwa mvua ya Mombasa.

Aliyetupa ufunguo wa pili ni mimi, bila kukusudia. Nilikuwa nakwangua lami kwenye kitambaa cha meza nikauliza tu mbona saa ya mzee haina yule joka mgongoni, kama ya ami wa Malindi. Ami ni mdogo wake marehemu. Kila mtoto wa ukoo huu amewahi kupakatwa na ami na kuonyeshwa joka la baharini, nusu farasi nusu samaki, lililochorwa nyuma ya saa yake kuukuu ya kutia ufunguo. Kijana akaniangalia kana kwamba nimezungumza kwa mara ya kwanza maishani.

"Mama, hilo joka ni la Seamaster."

Na uso wa saa ya marehemu umeandikwa Seamaster. Wa saa ya ami haukuandikwa hivyo.

Malindi tulikwenda watu sita katika gari la watu watano. Mama mkwe alikaa mbele, kopo mapajani. Njiani alisema neno moja tu, tulipovuka Kilifi: "Aprili sabini na moja." Hakufafanua. Ami alitupokea kwa madafu, akauliza afya ya kila mmoja wetu mpaka ya paka, akafurahi kuombwa saa yake. Safari hii mpira wa mtoto ulifanya kazi mara moja. Ndani ya kifuniko chenye joka paliandikwa ST 166, na pembeni, kwa sindano ileile na mkono uleule, 4/71.

Saa ya mwanamume, otomatiki, haipitishi maji, ina tarehe. Na mashine ya ami ilikuwa ya kutia ufunguo, vito 17, haina bawa wala tarehe. Ndugu wawili walikuwa wamepeleka saa zao kwa fundi mmoja siku moja, naye akazifunga kwa kubadilisha vifuniko. Hilo halikumtisha ami. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kilichomwondoa kicheko ni swali la mama mkwe: na saa zenyewe, shemeji yangu, mlizitoa wapi?

"Si Mwingereza," akaanza ami.

"Mwingereza alikuwa na mbili?"

Ami akataka kuinuka akaswali. Mama mkwe akamwambia adhuhuri imeshapita na alasiri bado, akae. Kisha akamwambia, kwa sauti ya upole inayotuogofya sote, kwamba kampuni ya Omega iko Biel, Uswisi, nayo imetunza daftari za zamani, na kwa ile namba ya tarakimu nane huko huweza kuonekana saa ilitengenezwa lini na ilipelekwa nchi gani. Yote hayo alikuwa ameyapata kwa mjukuu wake garini, na ni kweli. Alichoongeza mwenyewe ni kwamba barua imeshatumwa na jibu limeshakuja. Kijana wangu akainama kufunga kamba za viatu. Siku hiyo alikuwa amevaa ndara.

Ami alinywa dafu lake lote. Akauliza kama kuna jingine. Kisha akasema.

Saa zilinunuliwa mwaka 1968 katika duka moja lililokuwa Kilindini Road, ambayo siku hizi ni Moi Avenue. Makarani wenzake marehemu walikuwa wameanza kuvaa saa za otomatiki, na yeye alikuwa anasubiri kupandishwa cheo. Akaona aibu kuingia kwa mkubwa na mkono mtupu. Pesa hana. Akachukua bangili mbili za mkewe kutoka sandukuni, akazipeleka kwa sonara kama rehani ya mwezi mmoja. Mwezi ukapita, cheo kikaenda kwa mwingine, na bangili zikayeyushwa. Ami alimwona akitoka kwa sonara. Saa ya pili, ile ya bei ndogo ya kutia ufunguo, ilikuwa kifunga mdomo.

"Na Mwingereza?"

"Alizungumziwa baadaye, ulipouliza."

Niliyekuwa nimemkazia macho ni mama mkwe, na nilidhani nitamwona akilia au akicheka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimgeukia mume wangu akamwambia, "Mpigie shangazi yako."

Hapo ndipo mimi, mke niliyeolewa katika nyumba hii bila kupewa historia yake kamili, nilipoelewa kwa nini mama mkwe na wifi yake huketi pande mbili za ukumbi katika kila harusi na kila hitima. Bangili zilipotea wiki ya kuelekea Idi, mwaka 1968. Aliyekuwa amelala nyumbani humo wiki hiyo ni wifi. Hakuna aliyemshtaki kwa kinywa, lakini tangu siku hiyo sanduku lilitiwa kufuli, na kila wifi alipokuja, ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga mbele ya macho yake.

Shangazi alipopokea simu alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba arudiwe ile sehemu ya sonara. Akaomba arudiwe tena, safari hii kwa sauti kubwa, majirani wake wasikie. Kisha akasema hatakuja kuombwa msamaha kwa simu. Ataombwa ukumbini, siku ya watu, na wifi yake aketi upande wake.

Sasa mambo yako hivi. Fundi wa Mji wa Kale, ambaye hatimaye alionyeshwa saa zote mbili, amesema mwenye kukusanya saa akifungua akakuta 135 mgongoni mwa saa ya tarehe atapunguza bei au ataondoka kabisa. Kifuniko kikirudi kwa mwenyewe, na mpira mpya, itakuwa saa kamili tena. Alama za koleo, amesema, ziachwe, asije mtu akasugua mpaka zikafutika kona za kasha. Shemeji anataka iuzwe kabla likizo yake haijaisha. Mama mkwe anataka kwanza alipwe bangili zake, na kwa kuwa aliyezichukua hayupo, nusu ni ya ami kwa kunyamaza. Ami amekubali deni, ila kwa shilingi za 1968. Mama mkwe amesema dhahabu hupimwa kwa gramu, haipimwi kwa mwaka, na mjukuu wake amepewa kazi ya kupiga hesabu. Anaipiga vizuri kuliko hesabu yoyote aliyowahi kupewa shuleni. Ami, alipoona tarakimu, amejibu kwamba kifuniko cha joka ni chake kwa zaidi ya miaka hamsini, na hakitoki Malindi mpaka deni lisamehewe.

Anakuja Ijumaa kwa mazungumzo. Shangazi naye amealikwa, na amethibitisha. Mama mkwe ameniagiza biriani ya mbuzi, kitambaa kingine cha meza, na nifiche koleo mahali ambapo shemeji hatafika.